Siti binti Saad: Sauti Iliyotangulia Ukumbi

Mtu atokaye Mombasa, akiisha kuvuka Likoni na kuishika njia ya Lunga Lunga, hupita Ukunda, Gazi na Msambweni kabla hajafika Ramisi. Ukiwauliza watu wa pwani hii ya kusini Ramisi ni nini, wengi watakutajia sukari. Kiwanda cha hapa kilianza mwaka wa 1927, kikafungwa mwaka wa 1988, na katika miaka hiyo sitini na mmoja watu wa makabila mengi walikuja kutafuta riziki katika mashamba ya miwa kando ya Mto Ramisi. Mchana ulikuwa wa kazi. Usiku, mwenye kupenda ngoma alikuwa na sengenya ya Wadigo, na mwenye kupenda taarabu alikuwa na santuri.

Hiyo santuri ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo. Kwani mwaka mmoja tu baada ya kiwanda cha Ramisi kuanza, yaani mwaka wa 1928, mwanamke mmoja wa Unguja alipanda meli kwenda Bombay pamoja na wenzake. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imekwisha kutiwa katika sahani nyeusi zilizoweza kuchukuliwa ndani ya sanduku hadi kila bandari ya pwani hii. Mwanamke huyo ni marehemu Siti binti Saad.

Jina lake halijafa. Lakini siku hizi, panapozungumzwa habari ya kuyafufua majumba ya zamani ya michezo na sinema ili muziki upigwe tena jukwaani, mazungumzo huwa ni ya paa, viti, taa na gharama. Mambo hayo ni ya lazima, hatukatai. Hata hivyo, kabla ya kuinua kuta, inafaa tuyapitie maisha ya mtu aliyeujaza mji muziki pasipo kuwa na ukumbi wake mwenyewe. Huenda maisha hayo yakatuonyesha kuta hizo zinajengwa kwa ajili ya nani.

MTOTO WA FUMBA

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka wa 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Msomaji asidhani kuwa jina hilo lilikuwa mzaha wa wazazi, kwani lilieleza hali ya ukoo wake ilivyokuwa. Unguja ya siku zile ilikuwa nchi ya mikarafuu, na mikarafuu ilikuwa ikichumwa kwa mikono ya watumwa. Utumwa haukuondolewa katika sheria ila mwaka wa 1897, wakati binti huyu alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu.

Hakusomeshwa skuli. Kazi aliyojifunza ni ile ya wanawake wa kwao, yaani kufinyanga. Fumba na vijiji vya jirani vilisifika kwa vyungu na mitungi, na mwenye kufinyanga hakungojea mnunuzi amfuate nyumbani. Alijitwika vyombo vyake kichwani akaenda kuvinadi. Yasemekana kwamba ni katika kunadi huko ndipo watu walipoanza kuitambua sauti ya Binti Saad. Mwito wake ulisikika mbali kabla mwenyewe hajaonekana, na walioko ndani ya nyumba walitoka si kwa haja ya chungu bali kumtazama mwenye sauti ile.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa skuli yake ya kwanza ya uimbaji. Njia ilikuwa ndefu, mzigo ulikuwa mzito, na sauti ilibidi ipenye ukuta na mlango uliofungwa. Waimbaji wengi wa baadaye wamefundishwa ndani ya vyumba vizuri, lakini ni wachache waliojua kama alivyojua yeye maana ya kumwita msikilizaji ambaye hajakusudia kusikiliza.

KUHAMIA MJINI

Yapata mwaka wa 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini. Hakuwa peke yake katika uhamaji huo. Baada ya utumwa kuondolewa, maelfu ya watu waliyaacha mashamba wakaja kujijengea vibanda na nyumba za udongo ng'ambo ya hori, upande wa pili wa mji wa mawe. Mahali hapo pakaitwa Ng'ambo, na jina hilo lilibaki. Upande mmoja zilikuwapo nyumba za ghorofa zenye milango ya nakshi, na upande wa pili walikaa wapagazi, wachukuzi wa bandarini, mafundi, wafinyanzi na mama lishe. Maji ya hori yalipojaa, sehemu hizo mbili zilitengana kweli kweli.

Muziki nao ulikuwa umetengana vivyo hivyo. Taarabu ilikuwa imeletwa katika jumba la kifalme zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Yeye ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga ganuni, na aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka wa 1905 vijana wa mjini wenye nafasi zao waliunda chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vikundi vikongwe kabisa vya taarabu vilivyo hai Afrika Mashariki. Nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Waliosikiliza walikuwa watu wa daraja yao, na wengi wa walioikaa Ng'ambo, kama walibahatika kusikia chochote, walikisikia kwa nje ya dirisha wala hawakufahamu maneno.

Katika mji huo ndimo alimoingia Binti Saad, hana mali, hana ukoo wa kutajika, hajui kusoma. Alikuwa na sauti tu. Mtu wa kwanza kuithamini kwa kazi alikuwa Muhsin Ali, mwanachama wa Ikhwani Safaa, ambaye alimsikia akamchukua kumfundisha. Kwake alijifunza mahadhi, alijifunza kuimba akifuatana na ala, na alijifunza matamshi ya Kiarabu. Kwa mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu miaka michache nyuma, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Pole pole likakusanyika kundi. Alikuwamo Subeit Ambar, mpigaji udi. Alikuwamo Mwalimu Shaaban. Na alikuwamo Mbaruk Talsam, ambaye sisi watu wa pwani ya Kenya tuna haki ya kujivunia, kwa sababu alitoka Mombasa. Mbaruk alikuwa kipofu wa macho yote mawili, lakini mikono yake katika ala na kichwa chake katika utunzi vilimfanya awe nguzo ya kundi. Msomaji akitaka kujua Siti alikuwa mtu wa namna gani, na awatazame aliofuatana nao: watu waliofika hapo kwa ujuzi wao na si kwa nasaba zao.

Ni katika miaka hiyo ndipo jina la Mtumwa lilipotoweka, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Ni nadra kwa mtu mmoja kuuvuka umbali uliopo baina ya majina mawili kama hayo katika maisha yake.

LUGHA YA WOTE

Siti aliimba Kiarabu alichofunzwa, na aliitwa kuimba katika nyumba za wakubwa na katika jumba la kifalme zama za Sayyid Khalifa bin Haroub. Lakini lililomtenga na waliomtangulia ni kuwa aliitoa taarabu katika Kiarabu akaitia katika Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wa mtaani. Kwa tendo hilo muziki uliokuwa pambo la wachache ulifunguliwa mlango.

Wapenzi wa mashairi wanajua kuwa Kiswahili hakikuwa na upungufu. Tenzi zilikuwa zimetungwa Lamu, Pate na Mvita karne nyingi kabla ya hapo, na harusini wanawake walikuwa na nyimbo zao za Kiswahili tangu hapo. Lililokuwa jipya ni kukutanisha vitu vitatu mahali pamoja: ala za jumba la kifalme, lugha ya mtaani, na mwanamke wa asili ya utumwa amekaa mbele ya wapiga ala akiwa yeye ndiye bibi wa shughuli.

Na aliimba wapi? Aliimba harusini, aliimba katika nyumba za matajiri alipoalikwa, na usiku nyumbani Ng'ambo watu walikusanyika kumsikiliza yeye na kundi lake. Hapakuwa na pazia wala viti vya daraja ya kwanza na ya pili. Aliyewahi alikaa ndani, na aliyechelewa alisimama nje akasikiliza kupitia ukutani. Huo ndio uliokuwa ukumbi wake.

JUMBA LA VUGA

Hapo hapo Unguja, katika miaka hiyo hiyo, ulikuwapo ukumbi wa namna nyingine. Mwaka wa 1921 lilifunguliwa Vuga jumba la sinema na michezo lililoitwa Royal. Ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza wa serikali ya ulinzi ambaye majengo yake mengine, kama lile la makumbusho liitwalo Beit el Amani, yangali yakionekana mjini kwa kuba na matao yake. Royal lilikuwa jumba la fahari, na watu wa Unguja wa kila namna waliupenda mchezo wa sinema kupita kiasi, kama walivyoupenda wenzao wa Mombasa na Dar es Salaam.

Jumba hilo liliungua mwaka wa 1953. Mahali pake likajengwa jingine, ambalo lilifunguliwa mwaka wa 1955 kwa jina la Majestic, ramani yake ikiwa kazi ya Dayalji Pitamber Sachania. Humo kizazi kizima kiliona filamu za Kihindi na za Kimisri, na nyimbo za filamu hizo ziliingia katika taarabu hata leo hazijatoka. Miaka ilivyokwenda sinema zikakosa watazamaji, na jumba likachakaa.

Hilo ndilo jumba ambalo wapenzi wa mji mkongwe, wakiwamo wana taasisi ya Hifadhi Zanzibar, wamekuwa wakipigania lifufuliwe, liwe pahala pa filamu na muziki wa jukwaani. Ni jambo jema, nasi tutalirudia. Kwa sasa msomaji aliweke akilini hili tu: katika mji mmoja na wakati mmoja palikuwa na jumba lenye kila kitu, na palikuwa na nyumba ya Ng'ambo isiyo na kitu ila sauti. Jumba liliungua. Sauti ya Ng'ambo bado twaisikia.

SAFARI YA BOMBAY

Ilikuwaje sauti isiyo na ukumbi ikabaki? Jawabu ni sahani za santuri. Kabla ya mwaka wa 1928 waliokuwa na santuri katika pwani yetu walisikiliza nyimbo za Misri, za India na za Ulaya. Wafanya biashara wa santuri hawakuona kuwa Kiswahili kinaweza kuuzwa. Katika mwaka huo kampuni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza honi, ilimchukua Siti na kundi lake hadi Bombay kurekodiwa.

Hebu tufikirie kazi yenyewe ilivyokuwa. Taarabu ya Ng'ambo haikujua saa. Wimbo mmoja uliweza kurudiwa, kurefushwa, kusimamishwa watu wacheke, ukaanza tena. Sahani ya siku zile ilichukua muda wa dakika tatu hivi kwa kila upande. Wimbo ulibidi ukatwe, au ugawanywe pande mbili, na wapiga ala wajue hasa waanze wapi na waishie wapi. Mtu aliyezoea kuwatazama wasikilizaji wake usoni alitakiwa aimbe mbele ya chombo kisichokubali wala kukataa. Siti aliiweza kazi hiyo, na baada ya mara ya kwanza akarekodiwa tena na tena.

Hesabu ya mauzo iliwastaajabisha wenye kampuni wenyewe. Kufikia mwaka wa 1931 sahani zilizouzwa zilifika 72,000. Msomaji akumbuke kuwa zama hizo watu wa kawaida hawakuwa na uwezo wa kununua santuri, na kwamba sahani moja ilisikilizwa na baraza nzima. Penye mgahawa wenye santuri, wateja walikunywa kahawa polepole ili wimbo uishe. Waliomsikia, basi, walikuwa wengi mara nyingi kuliko walionunua.

Kwa njia hiyo Siti alifika mahali ambapo miguu yake haikufika. Sauti iliyokuwa ikiita wanunuzi wa vyungu katika vichochoro vya Unguja iliziita nyumba za pwani nzima, na zilizokuwa bara pia. Hakuna mwimbaji wa Kiswahili kabla yake aliyepata jambo hilo.

WIMBO KAMA BARAZA

Lakini watu hawakununua sahani hizo kwa utamu wa sauti peke yake. Siti na wenzake waliimba yaliyowapata watu. Waliimba mapenzi, kama ilivyo ada ya taarabu, lakini waliimba pia habari za mahakamani, za makarani wala rushwa, za maonevu ya wenye nguvu. Tusisahau kuwa mwaka ule ule wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi zilikojengwa nyumba zao. Mji ulikuwa umechoka kunyamaza.

Wimbo wake uitwao Kijiti wajulikana hata leo. Kisa chake kilikuwa cha kweli. Msichana alitoka Dar es Salaam akaenda Unguja kutembea, akachukuliwa katika matembezi yenye ulevi, na mwisho wake akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Mwuaji akatoroka kuvuka bahari, na mashtaka yakawaangukia wanawake waliofuatana na yule marehemu. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo kwa upande wa Ng'ambo. Wimbo ndio uliokuwa gazeti lao, na hukumu ambayo mahakama haikuitoa, watu waliitoa wao wenyewe kila sahani ilipozungushwa.

Yeye mwenyewe hakusalimika na ndimi za watu. Palitokea wimbo wa kumdhihaki, uliomkumbusha kuwa alikuja mjini kutoka shamba akiwa amevaa kaniki, na kuuliza amekuwa mtu tangu lini. Maneno hayo yalikusudiwa kumrudisha katika jina lake la kwanza. Angeweza kujibu kwa matusi, kwani mipasho ni ada ya waimbaji. Hakufanya hivyo. Alijibu kwa wimbo uliosema kwa maana yake kuwa uzuri wa sura na fahari ya nasaba havimfanyi mtu kuwa mtu, na kwamba aibu iko kwa aliyekosa akili. Jawabu hilo lilikaa katika vinywa vya watu kuliko matusi yaliyolizaa.

Wako katika sisi wanaoona kuwa muziki ni jambo la kuepukwa, na wako wasioona ubaya ikiwa maneno ni mema na adabu imechungwa. Mjadala huo ni wa zamani kuliko Siti, wala hatukuja kuumaliza katika ukurasa huu. Tunalosema ni kuwa hata asiyependa ala hawezi kukana kuwa mwanamke huyu aliwatetea wanyonge, na akalirudisha tusi kwa maneno yenye hekima.

MWISHO WAKE

Uzeeni, kabla hajafa, alipata mgeni aliyestahiki. Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Tanga, alimwendea akamhoji habari za maisha yake, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka wa 1958. Kitabu hicho kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kueleza maisha ya mwanamke wa Kiafrika, na kwa miaka mingi kimesomwa na wanafunzi. Fikiri ajabu ya jambo hilo: mtu ambaye hakufunzwa kusoma amekuwa somo la skulini.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Waliokuja nyuma yake hawakuanza na mikono mitupu. Fatma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, alizijua nyimbo zake kwa kumsikiliza akiwa msichana, na aliziimba hadi uzeeni. Chama cha waandishi wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka wa 1987, kilipoanzisha jarida lake kiliita Sauti ya Siti. Hawakuhitaji kueleza ni Siti yupi.

KUTA NA SAUTI

Sasa turudi katika habari ya majumba. Visiwa vya Unguja vimetupa mafunzo kadha katika jambo hili, mema na machungu.

Fundisho la kwanza ni kuwa jengo la zamani halingoji. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka wa 1883, lilizungumzwa miaka na mikaka kuwa lahitaji kutengenezwa. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya matengenezo ikiwa imeanza, sehemu yake kubwa ilianguka na watu wawili wakafa. Nyumba za mawe ya matumbawe, boriti na chokaa zina adui mmoja mkubwa, nao ni maji. Paa likivuja mwaka mmoja boriti huoza, na boriti ikioza ukuta hauna cha kuushika. Kadhalika mwenye kukarabati kwa haraka akazipiga kuta hizo saruji huufungia unyevu ndani, akadhani amejenga kumbe amebomoa.

Fundisho la pili ni kuwa yawezekana. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya kumi na saba, iliwahi kuwa gereza. Leo ndani ya kuta zake mna jukwaa la wazi, na tangu mwaka wa 2004 tamasha la Sauti za Busara limewaleta humo wanamuziki wa Afrika nzima. Hatua chache kutoka hapo, katika nyumba ya zamani ya forodha, kilianzishwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambako vijana, wake kwa waume, wamefunzwa udi, ganuni na fidla. Mahali palipokuwa pakihesabiwa mizigo ya majahazi panahesabiwa mapigo ya dumbaki.

Fundisho la tatu ndilo zito. Ukuta ukiisha kusimama, kazi ndiyo kwanza imeanza. Tamasha la Sauti za Busara halikufanyika mwaka wa 2016 kwa kukosa fedha, ingawa Ngome ilikuwapo imesimama imara. Chuo cha muziki nacho mwaka wa 2019 kilifika ukingoni mwa kufungwa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa nyumba yake ilikuwa nzuri. Waliotoa fedha za kuta si lazima wawe ndio watakaotoa mshahara wa mwalimu wa udi. Na jukwaa likitegemea wageni watupu, wageni wasipokuja taa huzimwa.

Ndiyo maana twasema maisha ya Siti yana funzo kwa kila anayetaka kufufua ukumbi, uwe Vuga au uwe kwetu. Watu wa Ng'ambo hawakumfuata kwa sababu ya jengo. Walimfuata kwa sababu aliimba kwa lugha yao, aliimba mambo yao, na mlango wake haukuwauliza wametoka wapi. Ukumbi utakaojengwa upya ukiweka tiketi asiyoiweza mchukuzi wa bandarini, na jukwaani pasipandishwe ila wanaowapendeza watalii, utakuwa umerudisha jumba la Royal la mwaka wa 1921 wala hautakuwa umerudisha muziki. Ng'ambo itabaki nje ya dirisha kama ilivyokuwa kabla ya Siti.

SISI WA RAMISI JE?

Huku kusini kwetu hatuna Majestic. Tuna Gazi yenye nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, tuna Shimoni na Vanga zenye majengo yao ya kale, na Ramisi tuna kumbukumbu ya kiwanda kilichotuletea majirani kutoka kila pembe. Huenda siku moja mtu mwenye uwezo akasimama kutaka kulifanya mojawapo ya majengo hayo kuwa pahala pa muziki. Akitokea, tumpokee kwa mikono miwili.

Lakini lipo ambalo halihitaji kumngoja. Wako wazee wetu wanaojua kupiga nzumari ya sengenya, wako bibi zetu wanaojua nyimbo za harusi ambazo hazijapata kuandikwa wala kurekodiwa. Mwaka wa 1928 ilibidi mtu apande meli hadi Bombay ili sauti yake isipotee. Leo kijana mwenye simu mfukoni anaweza kukaa ukumbini kwa bibi yake, akaomba ruhusa kwa adabu, akahifadhi katika jioni moja kile ambacho Siti alikivukia bahari.

Tusiwe watu wa kuwaandalia wenye sauti jumba zuri baada ya wao kwenda zao. Binti wa Fumba hakungoja ukumbi. Aliimba akiwa na chungu kichwani, na ukumbi ndio uliomfuata nyuma.